Pimbi Walipogeuka

Mimi ni mtu wa Iringo, Musoma mjini. Tai niliowazoea ni wa ziwani, wanaobeba sato mchana kweupe huku wavuvi wakiwatukana. Nilipokwenda Butiama kumsalimia shangazi, nilijiona mjuzi.

Shangazi anakaa chini ya kilima cha mawe. Ugonjwa ulimfagilia zizi zima, akabaki na mbuzi jike mmoja, ambaye alikuwa amezaa mtoto jike. "Nitaanza upya na haka," aliniambia, akikapapasa kama mjukuu. Ulinzi aliwaachia pimbi, wale wanyama wadogo kama sungura wanaoishi kwenye mawe ya kilima. Ndivyo wanavyofanya majirani wote pale: pimbi wakipiga kelele, tai yupo, watoto wa mbuzi wanaingizwa ndani; pimbi wakinyamaza, wanatolewa.

Tulikuwa uani tunapukuchua mahindi pimbi walipolia. Shangazi akakatupia kabuzi bandani. Tai mweusi akatokea juu ya mawe, mabawa yametulia, akapita mbele yetu polepole mno, kama anayetaka tumtazame. Nasi tulimtazama. Alikuwa mzuri, lazima niseme. Akaelea kuelekea bondeni mpaka akawa kidoa.

Kilima kikanyamaza.

"Wakinyamazaga hivyo ujue ameenda," alisema shangazi. "Kafungulie, mwanangu, kakanyonye."

Nikakafungulia. Kakamkimbilia mama yake, mkia ukitikisika. Nilipoinua macho nikaona pimbi hawajarudi kula. Walikuwa wamesimama juu ya mawe, wote, wametulia kabisa. Wala hawakumtazama yule tai wa bondeni. Walitutazama sisi.

"Shangazi, mbona wanatushangaa?"

Akageuka kuwatazama. Kicheko kilichokuwa kinamjia kikakatika. Hawakuwa wanatutazama sisi; macho yao yalikuwa juu kidogo ya vichwa vyetu.

Upepo ukanipiga kisogoni na kivuli kikapita juu ya mahindi. Sikusikia mlio wowote, hata wa kabuzi. Tai wa pili alikuwa ametokea nyuma ya nyumba, na tayari alikuwa anapanda kilimani, mzito, miguu yake imejaa. Pimbi ndipo wakaanza kulia tena. Mpaka leo sijui kwa nini walinyamaza, na bado naogopa.

Jioni mbuzi alikuwa amevimba chuchu, akimwita mwanawe kila dakika. Shangazi akachuchumaa akamkamua asiumie, akimbembeleza kwa lugha ya nyumbani. Kisha akasimama na kikombe kimejaa, akageuka huku na huku, hajui ampe nani.