Kiarabu Changu cha Kwenye Simu

Nakumbuka hadi leo, mwanangu, mchana ule simu ilipolia nikiwa sokoni Mkuyuni nikipima dagaa.

Nilikuwa sijaolewa bado, naringa. Simu za kupangusa ndiyo kwanza zimeingia. Nilijifunza Kiarabu miezi mitatu kwa programu ya kusikiliza na kurudia, basi nikajiita mwalimu. Nikafungua kundi la mtandaoni kwa wasichana wanaokwenda Uarabuni kufanya kazi za ndani. Natuma sentensi, wao wanarekodi sauti zao wananirudishia. Neema wa Igogo ndiye aliyenipa raha kuliko wote, sauti zake hazikuwa na kosa. Nikamwambia, "Wewe nenda, umeiva." Akaenda.

Sasa ndiye huyo analia kwenye simu. "Dada, tumbo linaniua tangu jana. Mama mwenye nyumba hanielewi, anadhani nimegoma kazi. Ongea naye wewe, mwalimu wangu!"

Yule mama akashika simu, akaanza kumwaga maneno. Mungu wangu! Sikuambulia hata moja. Mwalimu mzima nimesimama na kopo la dagaa, na mtoto wa watu anakufa ugenini.

Nilikimbia, simu ikiwa hewani, mpaka kwa ustadhi mmoja mzee aliyefundisha madrasa jirani na soko. Shikamoo yenyewe niliisahau, nikamwambia tu kwamba mwanafunzi wangu wa kwenye simu anaumwa Uarabuni na haelewani na mwenye nyumba. Akaongea na yule mama taratibu, akamuuliza, akamsikiliza, mpaka akaniambia, "Wanampeleka hospitali." Kisha akanikazia macho. "Huyu binti, ulishawahi kumuuliza swali akakujibu palepale?"

Sikuwahi. Neema aliporudi, na kovu la upasuaji tumboni, aliniambia kila sauti aliyonitumia alikuwa ameirekodi na kuifuta hata mara ishirini kabla ya kuituma. Halafu akaniangalia. "Dada, kumbe na wewe ulikuwa hujui?"

Hakuwa na hasira. Heri angenitukana.

Mwanangu, nasikia na wewe umeanza kufundisha Kiarabu kwenye hiyo simu yako. Sikukatazi, mimi mwenyewe bado naitumia. Ila mpigie mwanafunzi, muulize asichotarajia, msubiri ajibu. Na wewe mtafute anayekijua, akuulize. Ukifika usipopajua, sema hujui kabla mtu hajasafiri kwa neno lako. Mungu akulinde, na kila anayekuamini amrudishe kwa mama yake akiwa mzima.