Mashahidi Saba wa Mtu Asiye na Mtu

Mpangaji mwenzangu tulimwita Profesa tangu mwaka wake wa kwanza chuoni, na mwanzoni tulikuwa tunamtania tu. Mwanamke wa miaka thelathini na moja, mtoto mgongoni, kitabu cha vijidudu mkononi, ati anasomea ufundi wa maabara! Baba wa mtoto alikuwa ameaga kwamba anakwenda kutafuta maisha. Nadhani aliyapata, maana hakurudi.

Mwaka wa mwisho ulimtaka awe maabara kila siku kuanzia saa mbili asubuhi, na mtoto haruhusiwi kuvuka mlango ule. Chuo kilikuwa na chumba cha kulelea watoto wa wanafunzi wanaolea peke yao. Bila nafasi pale, Profesa angelazimika kuahirisha mwaka, na sote tunajua masomo yaliyoahirishwa huishia wapi.

Akajaza fomu. Swali la nne liliuliza: "Nani hukusaidia kumlea mtoto?" Mjanja angeandika "hakuna" akaenda zake. Lakini huyu alilelewa na bibi aliyemwambia kila siku kwamba asiyeshukuru kwa kidogo, hata kikubwa hashukuru. Akaandika watu saba. Shangazi yake muuza mboga, "humwogesha Jumapili." Kaka yake dereva wa lori, "humletea ndizi akipita." Mama mwenye nyumba, "hakasiriki mtoto akichora ukutani," na huo ulikuwa uongo, hukasirika sana. Mimi nilikuwa wa sita: "Jirani fundi viatu, hupiga mluzi mtoto akilia."

Jibu likaja baada ya wiki moja. Ombi limekataliwa, mwombaji ana wasaidizi wa kutosha.

"We Profesa," nikamwambia, "yaani mluzi wangu ndio umekunyima nafasi?"

"Sasa fundi, ningeandika hakuna, ningewatazamaje usoni?"

"Ungetutazama hivihivi. Nani angetuonyesha hiyo fomu?"

"Mungu je, hasomi?"

Nilikasirika, sifichi, na papo hapo nikafurahi, maana hakuna aliyewahi kuniandika popote kwa sababu ya mluzi.

Rufaa ilikuwa Alhamisi. Shangazi akaamua twende wote tukatoe ushahidi kwamba hatufai kitu. Basi tukajazana watu saba katika ofisi yenye viti viwili, tumekuja kuapa kwamba mwanamke huyu hana mtu. Mtoto akawa anapokewa huku na kule, akala ndizi ya mjomba wake, kisha akaanza kulia. Kwa mazoea nikapiga mluzi. Akanyamaza. Afisa wa ustawi, bwana mwembamba mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, akatukagua mmoja mmoja.

"Huyu ndiye asiye na mtu?"

"Ndiyo mwanangu," shangazi akajibu bila kupepesa. "Hana kabisa."

Nilitamani ardhi ipasuke. Afisa akaivuta fomu, halafu akauliza jambo ambalo halikuandikwa pale.

"Jumatatu, saa tatu asubuhi, mtoto atakuwa na nani?"

Shangazi yuko sokoni. Kaka yuko barabarani. Mimi nina viatu vya watu. Tukaanza kutazamana, na Profesa akainamisha kichwa. Tulimpenda, wote saba, na saa tatu asubuhi hakuna hata mmoja wetu aliyekuwepo.

Afisa akaandika kitu pembeni ya fomu, akagonga muhuri. Nafasi ikapatikana.

Muhula uliofuata fomu ikaja tena, lazima ijazwe upya. Nikamsihi: Profesa, nakuomba, safari hii andika "hakuna." Akacheka, akainama kuandika. Nikachungulia begani kwake. Tulikuwepo wote saba, mluzi wangu palepale, na chini yetu ameongeza wa nane: "Afisa wa ustawi, aliuliza saa tatu mtoto atakuwa na nani."