Karatasi ya Kubaki

Nilizaliwa ng'ambo ya mto Lwakhakha, upande wa Uganda, na mtu akiniambia kwamba Kenya nilikuja kama mgeni, hata leo namkasirikia. Mgeni wa nini? Kutoka kwetu hadi Malakisi, kwa kina mume wangu, unatoka baada ya chai ya asubuhi na unafika kabla jua halijawa kali. Lugha tunasikilizana. Ng'ombe walikuwa wakivuka kunywa maji na kurudi, na hakuna aliyewauliza kitu. Mimi ndiye niliyeulizwa.

Mume wangu alikuwa akifanya kazi Kitale, kwenye ghala la mahindi karibu na stesheni. Alipima magunia na kuyashona midomo. Tulifunga ndoa kanisani kwetu, mahari ikiwa imekwisha kuvuka mto, kisha akanileta mjini kwenye chumba kimoja upande wa Kibomet. Zilikuwa siku za Hali ya Hatari, na kila mtu alitakiwa awe na karatasi ya kueleza yeye ni nani na anakaa kwa nani. Jirani yangu, mama mmoja aliyetoka mkoa wa Kati, alipandishwa lori asubuhi moja pamoja na watoto wake wawili, sufuria ya uji ikiwa bado motoni. Niliiepua mimi. Tangu siku hiyo, nikisikia lori linapanda ile barabara, tumbo lilikuwa linanikata.

Na tumbo lenyewe lilikuwa na mtu ndani. Mwaka uliotangulia nilikuwa nimepoteza mimba ya kwanza, kwa hiyo hii ya pili niliibeba kwa woga, natembea polepole, siinui debe la maji, sicheki sana. Nilikuwa nataka mambo mawili tu duniani: mtoto huyu azaliwe mzima, na azaliwe baba yake akiwapo.

Mume wangu akaniombea ruhusa ya kubaki. Sheria ilikuwa hivyo, mke hakujiombea mwenyewe. Alipeleka ofisi ya serikali barua ya kanisa na barua ya tajiri wake, zikawekwa kwenye faili, tukapewa kibali cha mwezi mmoja huku tukingojea ile karatasi ya kudumu.

"Itatoka lini?" mume wangu akauliza.

"Itatoka," karani akasema.

Baada ya wiki mbili wakaniita peke yangu. Ndivyo walivyofanya: mume anaulizwa siku yake, mke siku yake, halafu majibu yanalinganishwa, maana walisema kuna wanawake wanaojiita wake za watu ili wapate kukaa mjini. Karani hakuwa mtu wa pande zetu. Alikuwa kijana msafi, kola imepigwa pasi, na hakuniangalia usoni. Mlifunga ndoa wapi? Mume amezaliwa wapi? Ana ndugu wangapi? Nikajibu yote haraka haraka, hata nikaanza kujiona mjanja. Kisha akauliza, "Baba ya mume wako anaitwa nani?"

Nikanyamaza.

Kwetu mke hataji jina la baba mkwe wake. Hampi mkono, haketi naye chumba kimoja, na wakikutana njiani mmoja anaingia majanini mpaka mwenzake apite. Jina lake halipiti mdomoni mwako hata kama hayupo, hata ukiwa peke yako jikoni. Ikibidi sana, unamwita mtoto alitaje badala yako. Na bibi yangu aliniambia kwamba ukilitaja ukiwa na mimba, mimba hiyo haikai. Sasa niambie, mimi niliyekwisha kupoteza moja, ningefanya nini?

"Hujui?" karani akauliza.

"Najua."

"Basi sema."

"Siwezi. Kwetu hatutaji."

Hapo ndipo aliponiangalia kwa mara ya kwanza, akacheka. "Ati hamtaji! Kila mwanamke wa mjini ana mila yake."

Ee Mungu wangu, nilitamani kumpiga na ile chupa yake ya wino. Nikamwambia amuulize mume wangu. Akasema mume amekwisha kujibu, sasa ni zamu yangu. Nilipozidi kunyamaza akaandika kitu kwenye karatasi, neno moja fupi, akafunga faili. Sikujua kusoma, lakini sikulipenda lile neno.

Jioni mume wangu akaniuliza, "Waliuliza nini?"

"Mambo ya nyumbani tu."

"Ukajibu yote?"

"Yote."

Huo ndio uongo wangu, na nausema wazi kwa sababu umenisumbua miaka mingi kuliko ile karatasi. Niliogopa ataniambia, lakini wewe si ulitaje tu, hapa ni mjini. Angesema hivyo, na mimi ningeona kwamba yeye hamwogopei mtoto wangu kama ninavyomwogopea mimi. Nikanyamaza nikitumaini kwamba neno lile fupi halina uzito.

Basi tukangoja. Kila Jumanne mume wangu alipitia ofisini kabla ya kazi, anasimama foleni, anafika dirishani, anaambiwa bado. Watu walioomba baada yetu walipata zao. Mwanamke mmoja wa Kapsokwony, aliyeolewa na mpishi wa hoteli, alipata baada ya wiki sita tu, akapita kwetu kutuonyesha. Mume wangu akaishika ile karatasi kwenye mwanga wa dirisha akaisoma yote, hata maandishi madogo ya chini. Alipoirudisha akavaa viatu akatoka.

Alitafuta kosa kila mahali. Labda chifu wa Malakisi hajajibu barua. Labda posta wameipoteza. Labda tajiri aliandika vibaya. Alimwandikia chifu mara mbili, akamwomba tajiri barua nyingine, akaanza kukonda mpaka mkanda ukaongezwa tundu kwa msumari. Mimi niliyelijua kosa nilikuwa nikimpakulia ugali, namwambia kula. Kina mama wa kanisa wakaniambia subira huvuta heri. Moyoni nikajibu, iivute basi, inangoja nini?

Asubuhi, akishatoka, nilifunga mlango nikajaribu. Nasimama katikati ya chumba, nafungua mdomo, naanza ile herufi ya kwanza. Mtoto anageuka ndani, mdomo unajifunga wenyewe. Naketi kitandani mikono tumboni, nasikiliza kama bado anacheza. Halafu nasikia gari barabarani, naenda mlangoni kuchungulia kama ni lori. Hiyo ndiyo iliyokuwa kazi yangu, miezi mitatu mizima.

Kibali kiliongezwa mara mbili. Mara ya tatu karani alisema hakiongezwi tena. Zilibaki siku nane, kisha nitapelekwa mpakani, na mume akitaka kunifuata, ruhusa, lakini kazi ya ghala aiache. Mume wangu akamshika karani kwa maneno, akamwambia hatoki dirishani mpaka aambiwe kosa lake. Karani, nadhani kwa kuchoka tu, akafungua faili.

"Kosa si lako, bwana. Mke wako hata baba yako hamjui. Imeandikwa hapa, 'Hajui'."

Alirudi nyumbani saa nne asubuhi, saa ambayo hajawahi kurudi tangu anioe. Akasimama mlangoni.

"Walikuuliza jina la mzee?"

Nikainamisha kichwa.

"Miezi mitatu! Miezi mitatu naandika barua, nasumbua chifu, namtukana mtu wa posta, na wewe uko hapa unaniangalia?"

"Ulitaka niseme?"

"Nilitaka uniambie mimi! Mimi ni nani kwako?"

"Mimba itatoka," nikasema, nikaanza kulia kwa sauti, bila haya. "Ile nyingine ilitoka, na hata sikuwa nimetaja kitu. Hii je?"

Alikaa chini pale pale kizingitini, mgongo kwangu. Nilidhani atanipiga, au atasema nilichokuwa nikiogopa, kwamba nitaje tu. Hakusema. Akauliza kama kuna chai. Jumamosi jioni akapanda basi la Bungoma kwenda kwao.

Sikujua alimwambia nini baba yake. Najua tu kwamba Jumatatu asubuhi, siku mbili kabla ya kibali kwisha, mzee alikuwa Kitale. Mume wangu akamfikisha karibu na nyumba, akaingia kuniambia nijitayarishe, kisha akakimbilia ghalani maana yalikuwa mavuno na tajiri hakumpa ruhusa hata ya saa moja. Tukabaki mimi na mzee, watu wawili wasioweza kuangaliana, na safari ya kwenda ofisini mbele yetu. Yeye akatangulia upande wa kulia wa barabara, koti lake jeusi la kanisani na fimbo. Mimi nikafuata upande wa kushoto, hatua hamsini nyuma, leso imenifunika hadi machoni. Akisimama kuuliza njia, nasimama. Akiendelea, naendelea. Watu walitutazama sana, shauri yao.

Ofisini siku hiyo alikuwapo bwana shauri mwenyewe, mkuu wa wilaya, mzungu mrefu mwenye mafua. Mzee akaingia akasimama akiutazama ukuta wa kulia. Mimi nikasimama karibu na mlango nikiutazama wa kushoto. Mzungu akatuangalia, akamuuliza karani kitu, karani akainua mabega.

Mzee akatoa risiti yake ya kodi, akaiweka mezani kifudifudi. "Jina langu liko hapo," akamwambia karani. "Huyu mtoto analijua. Amekataa kulitaja kwa heshima yangu, si kwa ujinga. Andika hivyo."

Karani akatafsiri. Mzungu akapenga kamasi, akafikiri, akatingisha kichwa. Karani akasema, "Bwana anasema amesikia, lakini swali ni swali. Alitaje yeye, tulinganishe na risiti. Leo ikishindikana, faili inafungwa."

Nikashika mlango. Mzee hakugeuka. Alizungumza na karani, ingawa nilikuwa karibu naye kuliko karani mwenyewe.

"Mwambie huyu mtoto," akasema, "mimi mwenye jina nimemruhusu. Kama lina madhara, yanifuate mimi, yasimfuate yeye wala aliye tumboni. Mwambie nimesema mbele ya serikali. Na mwambie sitasikia. Ninatoka nje, ninaenda mbali, na masikio nitaziba."

Karani akanigeukia, na safari hii hakucheka. "Anasema..."

"Nimesikia," nikamwambia.

Mzee akatoka akiwa amenipa kisogo. Nilisikia fimbo yake kwenye ngazi, kisha kwenye changarawe, kisha sikuisikia tena. Nikangoja kidogo zaidi, afike mbali. Mkono mmoja nikauweka tumboni, nikafumba macho, nikalitaja. Lilitoka kubwa, karibu kelele, mpaka mzungu akarudi nyuma kwenye kiti chake. Karani akageuza risiti, akasoma, akamwonyesha. Muhuri ukapigwa mara mbili, moja kwenye faili na moja kwenye karatasi yangu, na mambo ya miezi yote ile yakawa yamekwisha kabla sijafuta machozi.

Mtoto akapiga teke. Nikasema asante, hata sijui nilimwambia nani.

Nje kulikuwa na manyunyu. Mzee alikuwa amefika mwisho wa uwanja, kwenye seng'enge, amegeukia barabara. Fimbo ameibana kwapani, vidole viwili ameviingiza masikioni, na koti limeanza kulowa mabegani. Watu wa foleni walikuwa wanamcheka. Mtu mzima, mzee wa kanisa, amesimama kwenye mvua kama mtoto anayeogopa radi.

Nikaita, "Baba!" Hakusikia. Nikasogea, nikaita tena. "Baba, imekwisha! Wamepiga muhuri!" Alikuwa ameziba kweli, hakuwa mtu wa kuahidi nusu. Nikatafuta mtu wa kumtuma amguse. Askari wa mlangoni akasema hiyo si kazi yake. Wale wa foleni walikuwa bado wanacheka. Mume wangu alikuwa ghalani hadi jioni. Na mzee alikuwa anatetemeka.

Basi nikaenda. Nikanyoosha mkono nikashika mkono wa koti lake, nikauvuta.

Akageuka. Tangu niolewe sikuwa nimeuona uso wake kwa karibu, na yeye wangu. Alikuwa na macho ya mume wangu, yale yale, yamejaa woga. Akatoa kidole kimoja sikioni, akaniuliza mwenyewe, bila kupitia kwa mtu:

"Umebaki, mama?"

"Nimebaki, baba."