Mwosha Maiti wa Zaria Anayesutwa na Nafsi Yake

Saa mbili asubuhi, uani kwa Talatu, ambaye wanafunzi wake humwita Malama, yaani mwalimu, mjini Zaria, kaskazini mwa Nigeria, maiti anacheka.

Ni Asabe, mwanafunzi wake, amelazwa mkekani na nguo zake zote. Talatu, mwenye umri wa miaka sitini na sita, anainamisha birika la maji yaliyochanganywa na majani ya mkunazi. Anawaonyesha wanawake wanne jinsi ya kuanzia upande wa kulia.

"Tulia wewe. Maiti gani anatekenyeka?"

"Malama, maji ni ya baridi."

"Ndiyo maana nawafundisha kuyapasha. Roho imetoka, lakini heshima yake haijatoka."

Kwa miaka thelathini na moja amewaosha wanawake wa mtaa huu bila malipo. Riziki yake ni bajia za kunde. Alipofiwa na mume, hizo ndizo zilizolea watoto watano.

Huwafundisha pia kwamba Kurani inataja nafsi inayoamrisha maovu, nafsi inayojilaumu na nafsi iliyotulia.

"Wanazuoni wamebishana miaka na miaka kama nafsi na roho ni kitu kimoja," anasema. "Mimi roho haijanisumbua hata siku moja, ni amana ya Mungu. Anayenisumbua ni nafsi, huyu anayesema 'mimi, mimi'."

Anajua anachosema. Ni mwaka wa sita hasalimiani na jirani yake Lantana, aliyetangaza sokoni kwamba bajia za Talatu zina mchanga. Wiki iliyopita Lantana, ambaye figo zimemchosha, alimtuma binti yake na ujumbe: siku ikifika, aoshwe na Talatu tu.

"Mama anasema hata ukikasirika vipi, hujawahi kutoa siri ya maiti," binti alieleza.

Talatu alijibu kwamba huo ni wajibu wake. Tangu hapo hana raha.

"Nikimwosha na kinyongo hiki, yeye ataondoka safi, nitabaki mimi na uchafu. Na maiti hasemi 'nimekusamehe'."

Asabe anainuka mkekani. "Basi nenda leo, Malama."

"Nafsi inataka yeye aanze."

"Si ameshaanza?"

Wenzake wanainamisha nyuso kuficha kicheko. Talatu anamkazia macho Asabe, kisha anatafuta mtandio wake.

"Akinifukuza, nitakaa mlangoni. Akiwa amelala, nitangoja aamke," anasema akivaa ndara. "Nataka nimwombe radhi kwa kinyongo changu, angali na ulimi wa kunijibu."