Nyama ya Kuziba Shavu la Baba Mdogo

Uvimbe ulipoondolewa shavuni mwa baba mdogo, palibaki tundu. Akinywa maziwa, yalimtoka pembeni na kumwagikia shati. Kwa mfugaji wa ng'ombe wa kwetu Kirolirwe, hiyo ni aibu kubwa kuliko kulala njaa. Hospitali ikasema tundu litazibwa kwa kipande cha nyama na ngozi yake.

Familia ikaita kikao cha mchango. Kwetu harusi huchangiwa, msiba huchangiwa. Basi na nyama ichangiwe. Niliuliza kama jambo hilo linawezekana.

"Weye unauliza-uliza sana," mama mdogo, mkewe, akanijibu. "Njo weye utatoa hiyo nyama."

"Juu ya nini mimi?"

"Uko na matako ya kutosha. Miaka yote umekalia kiti ya université, haujashika hata jembe."

Mikono ikanyooshwa. Nilichaguliwa bila kugombea.

Dokta aliposikia kwamba nimeletwa kukatwa, alicheka mpaka akavua miwani. Mwili wa mgonjwa ungeikataa nyama yangu, alisema. Lazima itoke kwake mwenyewe, na ni heri ibaki imeshikana na mshipa wa damu unaoilisha. Ngozi ya paji la uso iko karibu, ila huacha kovu mbele ya watu. Nyama ya kifuani hupitishwa chini ya ngozi ya shingo hadi shavuni, ngozi yake ikitazama ndani ya kinywa. Ya mkononi ingefaa pia, lakini hiyo hukatwa kabisa, na kushona upya mishipa midogo hivyo kunahitaji hadubini, na hawakuwa nayo.

"Paji hapana," baba mdogo akasema, kiganja kimebana shavu. "Batu batasema nilipigwa na ng'ombe yangu."

"Kifua basi," mama mdogo akasema.

Nilikitazama kifua chenyewe. "Dokta, na hizi nywele? Hazitaota mdomoni?"

"Zinaweza kuota."

Mama mdogo akashika kichwa. "Yesu! Nani atamunyoa mule ndani?"

"Nywele ni zangu, nitazitafuna mwenyewe," mumewe akasema. "Mimi nataka maziwa ibakie mu kinywa."

Akapasuliwa. Kidonda kilipopona, tulikwenda kumwona nyumbani. Mama mdogo alimletea kikombe cha maziwa, sote tukakodolea kidevu chake macho. Akanywa. Akameza. Hakikudondoka kitu.

Akanyoosha kikombe. "Ingine."

Aliendelea hivyo mpaka maziwa yakaisha chunguni. Sisi wageni tulipewa chai bila maziwa.