Kichuguu cha Nyuma ya Jiko la Mama

Ipo siku moja, mwanangu, ambayo siisahau hata leo, na mimi ni bikizee wa Bugembe niliyekwisha kuona mengi. Siku hiyo nusura nimuue mama yangu mzazi na binti yangu pia, kwa jambo nililolifanya kwa mapenzi.

Nilikuwa askari magereza Jinja, hapa Uganda, kijana, buti zinang'aa kuliko akili. Binti yangu Khainza, mwenye miaka miwili, alilelewa na mama kwetu Wanale, chini ya mlima, juu kidogo ya Mbale. Nyumba ya mama ilikuwa ya udongo, imeinama kama mtu anayetafuta sindano. Nikaapa kwamba likizo yangu haitaisha kabla sijaanza kumjengea ya matofali na mabati.

Udongo mzuri wa matofali, kila mtu kwetu anajua, ni wa kichuguu. Nacho kilikuwepo, mteremkoni nyuma ya jiko, kikubwa, kimenizidi urefu. Kila msimu mama alitega kumbikumbi hapo, akakaanga, tukala. Nikaleta vijana wanne wenye majembe.

Mama akatoka jikoni, unga mikononi. Akaanza kusema taratibu, kwa Kimasaba chetu, kwamba babu yangu alichagua kiwanja hiki kwa sababu ya kichuguu hicho. Unajua nilimjibuje? Nilimjibu kwa Kiswahili kile cha kambini, ambacho hakukipenda tangu enzi za wanajeshi waliotuamrisha kwacho: "Mama, simama kando. Watu wako kazini."

Vijana wakacheka. Mmoja akauliza, "Afande, tunatoa yote?" Nikasema yote. Wahenga walisema penye wazee haliharibiki neno. Mimi niliona hayo ni maneno ya wazee kujisifu tu.

Kwa siku nne kichuguu kikaisha, matofali mabichi yakapangwa yakauke. Siku ya tano nikashuka mjini Mbale kutafuta mabati. Mchana mvua ikapiga mlimani. Mimi nilijikinga barazani mwa duka, nakunywa chai, sina habari.

Niliporudi alasiri nilikimbilia nyuma ya nyumba. Matofali yote yalikuwa tope. Jiko halikuwa na kuta. Mto ambao asubuhi haukuwepo ulikuwa unapita palepale lilipokuwa jiko, na katikati yake mama amesimama, maji kiunoni, amekumbatia nguzo iliyobaki, Khainza yuko shingoni mwake. Mtoto hakuwa analia. Hilo ndilo lililonigandisha damu; nilidhani amekufa.

Majirani wakafunga kamba, tukawafikia. Khainza alikuwa hai, macho yamemtoka. Vidole vya mama tulivibandua kwenye nguzo kimoja kimoja. Mkono wake wa kulia, ulioteguka kwa kung'ang'ania nguzo, haukunyooka tena. Mpaka anafariki hakuweza kumenya ndizi. Nami nikaona kile ambacho babu alikiona: miaka yote kichuguu kile kiliyagawa maji ya mlima, mengine kushoto, mengine kulia, nyumba ikabaki kavu. Maji hufuata mkondo, na mkondo ule niliuchimba mimi.

Nililia kama mtoto. Nikamwita mama kwa Kimasaba, nikamwuliza, "Mayi, mbona hukuniambia?"

Mama akanitazama, hana hata hasira. "Nilianza kukuambia, mwanangu," akasema. "Lakini wewe ulikuwa unaongea na mfungwa."

Angenipiga kofi ningeona nafuu. Nimestaafu, nywele zimekuwa nyeupe, na neno hilo bado linanishtua nikiwa naosha vyombo.

Kwa hiyo nakuambia waziwazi. Ukirudi nyumbani, cheo chako kiache njiani. Kabla hujakata mti, hujaziba mfereji, hujabomoa kitu ulichokikuta, mtafute aliyekuwepo kabla yako, umwulize. Na akianza kujibu, nyamaza mpaka amalize, hata akizunguka mlima mzima ndipo afike kwenye jibu. Wazee ndivyo tulivyo, tunazunguka. Mimi nilishindwa kumvumilia mama yangu kwa dakika mbili, naye akanivumilia kwa mkono mmoja mpaka kaburini.

Mungu akujalie mtu wa kumwuliza, akujalie na masikio ya kumsikiliza. Mvua ya kwenu inyeshe shambani, isiingie nyumbani, na mikono ya mama yako izeeke ikiwa imenyooka.