Upande Mmoja wa Banda

Ukitaka kucheka, cheka sasa, maana haya niliyaona nikiwa nimesimama kwa miguu yangu miwili, sijalewa wala siko usingizini. Ni hapa Mumbuni, nyuma ya nyumba yangu, kwenye banda la kuku la mke wangu Mwende.

Kuku walikuwa wake. Mimi nilikuwa mla mayai tu. Alipolazwa hospitalini kwa upasuaji wa tumbo, aliniachia kazi moja: nikwangue kinyesi kila siku na kunyunyiza majivu, utitiri wasije wakawamaliza. Kila jioni saa kumi na mbili alinipigia simu.

"Baba Mutua, umefagia kwa kuku?"

"Nimefagia, hata majivu nimeweka."

Uongo mtupu. Siku tisa nilimdanganya hivyo, na siku tisa akanishukuru. Unadhani nilikuwa na kazi gani ya kunizuia? Uvivu tu, na ile harufu. Nilijiambia nitafagia siku moja kabla hajarudi, atajuaje?

Siku ya kumi, kunapambazuka, nikasikia koleo likikwangua nyuma ya nyumba. Nikatoka. Niamini, alikuwa Mwende, ameinama ndani ya banda, amejifunga leso yake ya kijani, gambuti miguuni. Kuku walipita katikati ya miguu yake bila kelele. Furaha ilinishika kabla ya aibu. Mke wangu amepona!

"Asi! Mwende, wamekuruhusu lini? Mbona hukupiga simu nikuje nikuchukue?"

Hakugeuka. Alisema polepole, bila hasira, na afadhali angenitukana.

"Na ulikuwa unaniambia umefagia. Haya, niletee majivu."

Nikakimbia jikoni kama mtoto aliyekosea. Nilikuwa nazoa majivu kwenye karai simu ilipolia chumbani. Nesi aliuliza kama mimi ndiye mume wa Mwende, kisha akaniambia niketi kwanza. Mke wangu alikuwa amefariki saa kumi na moja alfajiri.

Nilimwambia amekosea mtu, mke wangu yuko hapa nje. Nikatoka na karai langu. Bandani hapakuwa na mtu. Kufuli ya geti ilikuwa imefungwa, na ufunguo ulikuwa mfukoni mwangu. Lakini upande wa kulia wa banda ulikuwa umekwanguliwa hadi kwenye udongo. Upande wa kushoto ulikuwa na uchafu wangu wa siku tisa.

Nilipiga magoti nikakwangua ule upande uliobaki, huku nikilia kwa sauti. Nikanyunyiza majivu kote. Nilifika hospitalini nimechelewa, nanuka kuku, na shemeji zangu mpaka leo hawajanisamehe kwamba mke alikufa nami nikaanza na banda. Siwalaumu. Ningewaeleza nini?

Wewe mwenye mgonjwa, akikuuliza kama umeifanya kazi aliyokuachia, usimpe jibu la kumtuliza. Shika koleo kwanza, ndipo umjibu. Hujui kama atakuuliza tena kesho, na hujui atakuja kujionea mwenyewe kwa njia gani.

Kuku wale bado ninao. Nafagia kila siku, pande zote mbili. Ikifika saa kumi na mbili jioni nakaa na simu mkononi na kusema, "Nimefagia, Mwende, hata majivu nimeweka." Sasa ni kweli, na hakuna wa kuniuliza.